Nyota Moja kwa Chumba Nambari 9

Saa tisa za usiku, Mombasa, niliwasha taa, nikainua pembe ya shuka na kumkuta kunguni ametulia kwenye mshono wa godoro, amenona. Nilimpasua kwa ukucha wa kidole gumba. Damu iliyotoka ilikuwa yangu. Niliipiga picha, kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki hadi adhana ya alfajiri.

Nilikuwa nimeenda kwa harusi ya binamu yangu. Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa wageni hadi jikoni, na kwa kuwa familia inajua nafanya "kazi ya mtandao", ilidhaniwa naweza kujilipia pa kulala. Nikatafuta kwa simu. Shilingi 1,200 kwa usiku, mwendo mfupi tu kutoka Mwembe Tayari ambako basi lilinishusha. Kwenye picha, kitanda kilikuwa na shuka jeupe pe, na juu yake taulo lililokunjwa likafanana na bata.

Wacha nikwambie nilichokuta. Taulo lilikuwepo, lakini habari ya bata ilikuwa imeisha kitambo. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Feni ilikuwa na mwendo mmoja, nao ulikuwa wa kelele. Bafuni nilifungua bomba, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Kando ya choo palikuwa na ndoo iliyojaa maji nusu, na kopo.

Mama aliyenionyesha chumba alikuwa na leso kiunoni na patipati miguuni. "Maji hakuna tangu juzi, mwanangu," alisema, "lakini jioni nitakuletea ndoo nyengine." Na kweli aliileta. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nilimwambia "asante mama" bila kuinua macho kwenye simu.

Asubuhi nilimwambia kijana wa mapokezi habari za kunguni. "Pole sana kaka," akasema, akaendelea na yake. Basi nikaenda harusini huku najikuna, nikala pilau huku najikuna, na kesho yake nikapanda basi la kurudi Nairobi. Liliposimama Mtito Andei watu wakashuka kula, mimi nikabaki kitini nikaandika.

Mimi ni mwandishi, jamani. Nilijua pa kutia chumvi. Niliweka picha ya damu, nikaeleza bomba, nikaeleza dirisha. Halafu nikahisi kuna kitu kinapungua. Hadithi haina nguvu bila mtu wa kulaumiwa, na mtu wa pekee niliyekuwa nimemwona akishika kitu ndani ya chumba kile alikuwa yule mama. Nikaandika kwamba mwanamke anayesafisha vyumba ni mchafu na mvivu, na kwamba anakuletea ndoo ya maji kana kwamba anakufanyia hisani. Nyota moja. Ningeweza kutoa sifuri ningetoa.

Siku chache baadaye wenye lojing'i wakajibu chini ya maoni yangu: "Tunaomba radhi kwa usumbufu. Mhusika ameshachukuliwa hatua." Nilisoma jibu hilo ndani ya matatu nikienda mjini, na nakumbuka nilitabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeandika kitu, na kitu kikatendeka.

Sasa, kabla hujaniona mtu wa haki, nikueleze kazi ya mtandao ni nini hasa. Nilisoma falsafa mihula minne katika chuo kimoja cha umma, kisha karo ikanishinda nikatoka. Tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipiwa. Miongoni mwa kazi hizo, kwa muda mrefu, ilikuwa kuandika maelezo ya vyumba vya kulala wageni. Natumiwa picha sita na mtu nisiyemjua, nami naandika "mazingira tulivu", "hatua chache kutoka ufuoni", "wahudumu wenye tabasamu". Vyumba vyenyewe sijawahi kuvitia mguu. Wakati nilipokuwa nimesota kabisa, nilikubali pia kuandika sifa za wageni wa uongo kwa shilingi 50 kila moja. Leo nilikuwa baba wa watoto watatu aliyefurahia kifungua kinywa, kesho bibi harusi kwenye fungate. Nyota tano, nyota tano, nyota nne ili isishukiwe.

Kwa hiyo katika maisha yangu yote ya kuandika kuhusu vyumba, maoni yale ya Mtito Andei ndiyo pekee niliyoyaandika kwa jina langu, bila malipo, kuhusu kitanda nilichokilalia. Niliyaona kuwa ukweli wangu mmoja katikati ya uongo mwingi.

Miezi minne baadaye shangazi aliugua nikarudi Mombasa. Safari hii nililala kwake, sebuleni, juu ya mkeka. Siku moja nikapita mbele ya ile lojing'i. Soja alikuwa yule yule, mzee mmoja mpole aliyenisaidia kubeba begi mara ya kwanza. Nikamwamkia, tukazungumza habari za joto. Halafu nikamuuliza, kama utani tu, kama kunguni wa ghorofa ya tatu bado wako.

"Wako," akasema. "Wataenda wapi?"

"Na yule mama wa usafi?"

"Yule alifutwa. Kuna mteja aliandika maneno kwenye simu. Bosi akaja hapa amekasirika, akamwambia kesho asije."

Sikumwambia kwamba mteja ndiye mimi. Nilimwomba nambari ya simu ya yule mama, nikamdanganya kwamba nilikuwa na deni lake dogo. Nikakaa na nambari ile wiki mbili. Nilipopiga hatimaye, nilikuwa nimesharudi Nairobi, kejani kwangu, mlango nimefunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Chumba nambari 9, harusi, ndoo ya jioni, maoni. Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia mafuta yakichemka. Siku hizi, aliniambia baadaye, anauza viazi karai jioni mbele ya nyumba.

"Ulisema kweli," akasema. "Kunguni walikuwepo. Hata mimi wakiniuma. Nilimwambia bosi tangu kabla ya Ramadhani, yale magodoro yatolewe, anunue mengine. Akanambia niyaanike juani. Nikayaanika. Ya chumba cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja, yote nikayapandisha juu ya paa, peke yangu."

Sikujua la kusema.

"Ila nikuulize, mwanangu. Mbona ulinitaja mimi?"

Nikasema, "Nisamehe mama." Akasema, "Yashapita." Kisha akasema viazi vitaungua, akakata simu.

Swali lake silo lile tunalouliza kila siku, kama ni haki kulalamika ukilazwa mahali pachafu. Hilo lina jibu rahisi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na alichokilipia. Picha ya bata ilikuwa habari ya uongo. Kunguni si ubora unaofaa. Nilikuwa na haki ya kupiga kelele, na hata leo siiondoi haki hiyo. Yeye mwenyewe hakunilaumu kwa kulalamika. Aliuliza kwa nini lalamiko langu lilimwangukia yeye.

Nilirudi kuyasoma maoni yangu upya, polepole. Ndani yake kulikuwa na vitu vya aina mbili. Kuna nilivyoviona: kunguni, damu, bomba kavu, dirisha linalotazama ukuta. Na kuna nilivyovidhania: uchafu wa mtu, uvivu wa mtu, moyo wa mtu anayeleta ndoo. Nilivichanganya kwenye sentensi moja, na kwa kuwa nusu ya kwanza ilikuwa na picha, nusu ya pili nayo ikaaminika.

Na dhana yenyewe ilikuwa ujinga mtupu. Kunguni hawazaliwi na uchafu. Wanakula damu, hawali taka, na wanaweza kuishi chumba kinachong'aa mradi kuna mtu wa kulala humo. Wanaweza kukaa miezi bila kula, wamejibana kwenye mshono wa godoro au ufa wa kitanda, wakisubiri. Husafiri ndani ya mabegi na nguo. Maana yake, kunguni wa chumba nambari 9 kwa uwezekano mkubwa aliletwa na msafiri, mtu kama mimi aliyeshuka kwenye basi na begi lake akaliweka juu ya kitanda. Yule mama angepiga deki mara kumi kwa siku na wasingetikisika. Dawa nyingi za kupuliza wamezizoea. Kinachowaua ni joto kali, au kazi ya mtaalamu anayerudi zaidi ya mara moja, na magodoro yaliyooza kutupwa. Hayo yote yanahitaji pesa, na pesa hazikuwa kwenye leso yake.

Maji je? Maji ya Mombasa hutoka mbali: mengine chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, mengine visima vya Baricho karibu na mto Sabaki. Yakikatika, watu hununua mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni. Ile ndoo niliyoidharau ilikuwa imelipiwa na mtu, ikabebwa ngazi tatu na mwanamke wa umri wa mamangu. Mimi nikaiita hisani ya kuigiza. Siku ile ndiyo iliyokuwa huduma ya pekee iliyofanya kazi katika jengo zima.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye kabla sijaacha chuo, aliniambia najitesa bure. "Si wewe uliyemfuta. Ni bosi. Sheria iko." Na kweli sheria iko: Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na amsikilize kabla ya kumfuta kwa kosa hilo. Mama yule aliambiwa tu kesho asije. Kwa hiyo lawama kubwa ni ya bosi, sipingi.

Lakini hebu fikiria bosi alivyosoma maoni yangu. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, anunue magodoro, alipe mtaalamu, afunge vyumba siku kadhaa akose kodi. Ya pili, amfukuze mtu mmoja. Kama ningeandika kuhusu godoro tu, njia ya pili isingekuwepo, maana huwezi kujibu lalamiko la godoro kwa kumfukuza mtu, watu watakucheka. Mimi ndiye niliyempa mtu wa kumfukuza. Nilimfungulia njia ya bei nafuu na kuipa sura ya uwajibikaji. "Mhusika ameshachukuliwa hatua." Nami nikatabasamu ndani ya matatu. Hapo ndipo mkono wangu ulipo, na rafiki yangu hawezi kuuondoa.

Darasani tulimsoma Kant. Mwaka 1797 aliandika insha fupi akisisitiza kwamba hata muuaji akibisha mlangoni akuulize rafiki yako amejificha wapi, huruhusiwi kumdanganya. Tulibishana juu ya hilo siku nyingi, kila mtu ana mfano wake wa uongo unaookoa. Sikumbuki kama tuliwahi kuuliza kuhusu ukweli wa kawaida, wa siku za kawaida, unaosemwa na mtu aliyekasirika na unaomwangukia aliye karibu zaidi. Muuaji wa Kant wengi wetu hatutakutana naye. Mhudumu, mlinzi, kondakta, msichana wa kaunta ya benki, hao tunakutana nao kila siku, na kila siku tunawatwisha ukweli wa mabosi wao.

Wengine watasema basi, heri kunyamaza. Hata malezi yetu yanaelekea huko. Tumefundishwa kwamba mgeni hula anachopewa na kushukuru. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni analeta heri, haleti orodha ya makosa. Mpaka leo, ingawa kwa Wakenya wengi hoteli ni pale pa kula chapati na madondo, na pa kulala ni lojing'i au gesti, kote huko bado wanatuita wageni. Ni neno zuri, lakini wenye biashara wanalitumia vibaya. Wakitaka pesa, wewe ni mteja na unalipa kabla hujaona chumba. Ukitaka maji, unageuka mgeni, na mgeni hana budi kuvumilia. Ukinyamaza kwa adabu, mtu wa kesho atalipa tena kwa picha ya bata, na huenda atakuja na mtoto mchanga. Na mama wa usafi ataendelea kupandisha magodoro juu ya paa, akiumwa. Kimya changu kisingemsaidia. Kingemsaidia bosi tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi na yule mama tulikuwa na lalamiko moja. Yeye alikuwa amelitoa mapema kuliko mimi, kwa mtu anayehusika, akiwa na maelezo kamili: vyumba vipi, magodoro yapi, tangu lini. Lake halikuwa na nyota wala picha, likaishia kwenye "anika juani". Langu lilikuja na ujuzi wa usiku mmoja na nusu yake ikiwa dhana, lakini likasikika kwa sababu nilikuwa nimelipa shilingi 1,200. Kama asubuhi ile ningemuuliza swali moja tu, "Mama, hawa kunguni wameanza lini?", ningeandika kitu tofauti kabisa. Ningeandika kwamba wenye mahali hapa wameambiwa na wafanyakazi wao na hawajatenda lolote. Hapana, hata hapo ningemtia taabani kwa kumtaja. Ningeandika kwamba mwenye mahali hapa anakodisha vyumba vyenye kunguni akijua. Ungekuwa ukweli mzito zaidi, na ungemwangukia mwenye uwezo wa kununua godoro.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni, na sidai ni kubwa. Kabla ya kulalamika, najiuliza nani anaweza kurekebisha hili, na nani atalipia maneno yangu. Wakiwa watu wawili tofauti, naandika upya. Kusema "chumba kina kunguni" bado nasema, tena kwa sauti. Ila simtaji mtu ambaye sijui alichopewa kufanyia kazi.

Na kuna sehemu yangu nyingine, ambayo ni ngumu zaidi kuiandika. Yule bata wa taulo alipigiwa picha siku moja, na maneno yaliyokuwa chini yake yaliandikwa na mtu fulani. Maelezo ya ile lojing'i niliyasoma tena baada ya simu ile. "Mazingira tulivu." "Wahudumu wenye tabasamu." Si mimi niliyeyaandika, lakini ningeweza kuwa mimi, maneno ni yale yale. Mtu kama mimi, amesota, amelipwa, hajafika. Uongo wa nyota tano ndio unaowapeleka watu kwenye lile godoro, na nyota moja ya hasira ndiyo inayomfukuza aliyelitandika. Nimefanya kazi pande zote mbili.

Maoni yangu ya zamani niliyafuta, nikaandika mengine. Nilieleza kunguni, maji na dirisha. Nikaandika kwamba nilichosema kuhusu mfanyakazi hakikuwa kweli, na kwamba nilipewa ndoo ya maji siku ambayo bomba lilikuwa kavu. Bado ni nyota moja. Wenye mahali hawajajibu. Yule mama hakurudishwa kazini, na sidhani atarudishwa. Nilimtumia pesa kidogo kwa M-Pesa, akazirudisha, na ujumbe: "Asante mwanangu, zisaidie karo yako." Nilikuwa nimemtajia chuo katika maelezo yangu marefu ya kujitetea, na yeye ndilo alilolishika.

Wiki iliyopita nilipata kazi tena. Picha sita za gesti moja ya Malindi, taulo limekunjwa, safari hii limekuwa ua. Nikamwandikia mwenye kazi: maji yapo kila siku? Umewahi kulala hapo wewe mwenyewe? Ameyasoma maswali yangu, nimeona. Kodi yangu ni tarehe 5. Hajanijibu bado.